MWALIMU FABRE NA NYIGU WA VUNJAJUNGU

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya wapigania uhuru, wafalme na watunzi wa mashairi. Mimi nimeamua kuwaletea maisha ya mwalimu. Tena mwalimu maskini wa Ufaransa, ambaye alitumia karibu umri wake wote akiwatazama wadudu. Usicheke! Mtu huyu alitembelewa na rais wa nchi yake nyumbani kwake, na mambo aliyoyaona akiwa amepiga magoti vumbini yangali yanasomwa hadi leo. Jina lake ni Jean-Henri Fabre.

Nimemchagua kwa sababu ya vunjajungu. Kila mmoja wetu anamjua mdudu huyu: mwembamba, rangi yake kijani au kama majani makavu, shingo ndefu, na mikono ameikunja kifuani kama mtu anayeomba dua. Jina lenyewe latokana na imani ya wazee, kwamba ukimgusa, chombo cha kwanza utakachoshika baadaye kitavunjika. Huko kusini mwa Ufaransa nako watu wa shamba humwita kwa lugha yao jina lenye maana ya mwomba Mungu. Kumbe dua yenyewe ni ya uongo! Mikono ile ina miiba kama msumeno, na panzi akipita karibu ndio mwisho wake. Katika dunia ya majani vunjajungu ndiye simba. Lakini simba huyu naye ana adui, na adui mwenyewe ni nyigu mdogo kama sisimizi, asiyeweza kumdhuru mtu hata kidogo. Fabre ni mmoja wa wale waliotueleza habari zake. Hebu tuanze mwanzo.

Fabre alizaliwa Desemba 1823 katika kijiji cha Saint-Léons, sehemu za milimani kusini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa watu wasio na kitu. Mdogo wake alipozaliwa chakula hakikutosha nyumbani, kwa hiyo yeye akapelekwa kwa babu na nyanya yake mahali paitwapo Malaval, penye baridi kali na kondoo wengi. Huko ndiko alikofanya uchunguzi wake wa kwanza, akiwa na umri wa kama miaka mitano au sita hivi. Alisimama mbele ya jua akajiuliza, mwanga huu nauona kwa mdomo au kwa macho? Akafumba macho akaachama mdomo, jua likapotea. Akafunga mdomo akafumbua macho, jua likarudi. Akarudia tena na tena, yakawa yale yale. Jioni akawaeleza watu wa nyumbani ugunduzi wake, nao wakamcheka sana. Mimi naona hakukuwa na la kuchekesha. Hakuambiwa na mtu, alijaribu mwenyewe.

Alipofika miaka saba alirudi kwao kuanza shule. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja tu, na chumba hicho hicho kilikuwa jiko, mahali pa kulala, na njia ya kuku na nguruwe. Mwalimu alikuwa baba yake wa ubatizo, ambaye pia alikuwa kinyozi wa kijiji na mpiga kengele wa kanisa. Baada ya masomo kijana alipewa bata kuchunga. Bata wakiogelea, yeye akawa anaokota mawe yanayong'aa, konokono na mbawakawa wa rangi ya buluu, anajaza mifukoni. Akifika nyumbani anakaripiwa kwa kuchana mifuko ya nguo kwa takataka.

Mwaka 1833 baba yake alihamia mji wa Rodez akafungua mkahawa. Biashara haikwenda. Wakahamia mji mwingine, haikwenda. Mwingine tena, vile vile. Mwishowe nyumba ikasambaratika na kila mtu akajitafutia riziki yake. Fabre akiwa kijana wa umri wetu aliuza ndimu kwenye maonyesho ya Beaucaire na kufanya kibarua katika ujenzi wa reli. Siku moja hela zake za mwisho alizinunulia kitabu cha mashairi, na chakula chake cha jioni kikawa zabibu chache alizochuma kando ya shamba. Sisi wa shule za kutwa, tunaojua maana ya kurudishwa nyumbani kutafuta karo, tunaweza kumwelewa bila kuelezwa zaidi.

Bahati ikamjia huko Avignon. Palikuwa na mtihani wa kushindania nafasi ya kusoma bure katika chuo cha ualimu. Akaufanya, akawa wa kwanza. Mwaka 1842, kabla hajatimiza miaka kumi na tisa, akawa mwalimu katika mji wa Carpentras kwa mshahara wa faranga 700 kwa mwaka. Hizo zilikuwa pesa kidogo sana, tena zilikuja kwa kuchelewa.

Katika shule hiyo somo lililopendwa zaidi na wanafunzi wake lilikuwa kupima ardhi, kwa sababu lilifanyiwa nje. Fabre akagundua kwamba kila akimtuma kijana kusimamisha kijiti mbali, kijana anachelewa njiani, anainama, anaokota mawe. Kumbe walikuwa wamegundua nyuki wanaojenga nyumba zao za udongo juu ya mawe, nao wakawa wanafyonza asali kwa mrija wa jani! Mwalimu mwingine angalichukua fimbo. Fabre naye akainama na mrija wake. Asali ilikuwa tamu, ila alichokitaka zaidi ni kumjua yule nyuki. Akaingia duka la vitabu akanunua kitabu kikubwa cha wadudu kwa mshahara wa mwezi mzima. Sijui mkewe angesema nini, lakini wakati huo alikuwa bado hajaoa.

Alioa mwaka 1844. Watoto wao wawili wa kwanza walikufa wakiwa wadogo sana. Huku akifundisha mchana, usiku alikuwa akijisomea mwenyewe hesabu, fizikia na kemia, akapata shahada moja baada ya nyingine. Mwaka 1849 alipelekwa kufundisha katika kisiwa cha Corsica, na huko mtaalamu mmoja wa mimea aitwaye Moquin-Tandon alimshauri aachane na hesabu ashike viumbe. Mwaka 1853 akarudi Avignon.

Sasa tunafika kwa nyigu. Karibu mwaka 1854 Fabre alisoma maandishi ya daktari mmoja mzee aitwaye Léon Dufour, juu ya nyigu anayechimba shimo ardhini na kulijaza mbawakawa ili watoto wake wapate chakula. Dufour aliona kwamba mbawakawa hao hawaozi hata baada ya siku nyingi. Akafikiri kwamba nyigu anawaua, halafu sumu yake inawahifadhi kama nyama iliyotiwa dawa. Fabre hakutosheka na kusoma. Alikwenda akalala kifudifudi juani mbele ya mashimo ya nyigu, akawanyang'anya mawindo yao, akayachunguza. Akakuta mbawakawa hawakufa kabisa! Walikuwa hai ila hawawezi kujongea. Nyigu huwachoma mwiba palepale kwenye vifundo vya mishipa ya fahamu inayoendesha miguu, basi wanapooza. Kwa hiyo buu wa nyigu anakula nyama mbichi hai mpaka amalize. Mambo ya kutisha, lakini ndivyo yalivyo. Mwaka 1855 Fabre alitangaza matokeo hayo, na mwaka 1856 akapewa tuzo na wataalamu wa Paris. Hata Charles Darwin wa Uingereza alimtaja Fabre katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1859.

Basi mtadhani kwamba maisha yalimnyookea. Wapi! Tuzo hazijazi sufuria. Mwaka 1865 mwanasayansi mashuhuri Louis Pasteur alipita Avignon. Serikali ilikuwa imemtuma kuchunguza ugonjwa wa viwavi wa hariri, na alikuwa hajawahi hata kushika kifukofuko chao. Fabre akampa kimoja. Pasteur akakitikisa sikioni, akashangaa kwamba mna kitu ndani. Halafu akaomba aonyeshwe ghala la mvinyo la mwenyeji wake. Masikini Fabre hakuwa na ghala, alikuwa na chupa moja kubwa juu ya kiti kibovu. Akaionyesha.

Alijaribu kujikomboa kwa kutoa rangi nyekundu safi kutoka mizizi ya mmea uitwao garance, ambao ulilimwa sana sehemu zile. Alihangaika miaka mingi akafaulu. Lakini mwaka 1868 wakemia wa Ujerumani wakapata njia ya kutengeneza rangi hiyo hiyo bila mmea wowote, na matumaini yake yakaishia hapo.

Lililomtoa Avignon hasa ni jambo ambalo ningependa wasichana wa shule yetu walisome vizuri. Fabre alikuwa akitoa masomo ya bure kwa watu wazima na vijana, na wasichana waliruhusiwa kuingia. Aliwafundisha sayansi, pamoja na jinsi ua linavyopata mbegu, yaani chavua inavyokutana na kijiyai ndani ya ua. Somo hilo leo liko katika kila kitabu cha bayolojia, hakuna anayeshtuka. Wakati ule watu wenye msimamo mkali wa dini walichukizwa ati anawaharibu wasichana. Maneno yakazidi. Wenye nyumba aliyopanga, akina mama wawili wazee, wakamwamuru ahame. Hakuwa na mkataba ulioandikwa wala akiba. Mwenye kumwokoa alikuwa Mwingereza, John Stuart Mill, mwanafalsafa aliyeishi karibu na Avignon mahali alipozikwa mkewe. Mill alimkopesha faranga 3,000 bila kudai hati yoyote. Fabre aliilipa yote. Kufikia mwaka 1871 alikuwa ameshaacha kazi ya shule na kuhamia mji wa Orange na familia yake.

Huko Orange aliishi kwa kuandika vitabu vya shule. Aliandika vingi mno, zaidi ya themanini, juu ya dunia, nyota, mimea, kemia, hata kazi za nyumbani. Ndivyo alivyolisha watu wake.

Alikuwa na mtoto aitwaye Jules. Jules ndiye aliyemfuata baba yake kila mahali, mwenye macho makali kuliko wote, anayeweza kumwona mdudu kabla baba hajamwona. Mwaka 1877, mwezi wa Septemba, Jules alikufa. Alikuwa na miaka kumi na sita. Nilipofika hapo nilisimama kusoma kwa muda, kwa kuwa huo ndio umri wangu. Fabre naye alianguka, akaugua mapafu nusura afe. Alipopata nafuu alikamilisha kitabu chake cha kwanza cha kumbukumbu za wadudu, kikatoka mwaka 1879, na nyigu watatu aliodhani hawajapata kuelezwa na mtu akawapa jina la Jules.

Mwaka huo huo wa 1879 alipata kile alichokitamani tangu ujana: kipande cha ardhi chake mwenyewe, karibu na kijiji cha Sérignan. Kilikuwa kama hekta moja tu, mawe matupu na miiba, hakuna mkulima aliyekitaka. Watu wa huko huita ardhi ya namna hiyo harmas, naye akafanya hilo liwe jina la nyumba. Kwake yeye miiba ile ilikuwa mali, kwa sababu nyigu na nyuki wa kila aina huijia maua yake. Akakaa hapo miaka thelathini na sita, mpaka kufa. Meza yake ya kuandikia ilikuwa ndogo sana, karibu sawa na leso. Juu ya meza hiyo aliandika vitabu kumi vya kumbukumbu za wadudu, na cha mwisho kilitoka mwaka 1907.

Sasa tumrudie vunjajungu. Fabre alimfuga kwa njia ambayo hata sisi tunaiweza. Alichukua bakuli la mchanga, akatia kichaka kidogo cha majani na jiwe la kutagia, akafunika kwa kawa ya wavu wa waya, ile ya kukingia chakula dhidi ya nzi. Kazi ilikuwa kuwalisha, maana hawatosheki! Basi aliwaajiri watoto wa jirani wasio na shughuli wamletee panzi, na malipo yao yalikuwa kipande cha mkate na kipande cha tikiti. Alishuhudia majike wakipigana na kulana. Alishuhudia jike akimla dume wake baada ya kupandana, wakati mwingine hata kabla hawajamaliza. Jike mmoja alikula madume saba katika wiki mbili. Wavulana, mnasikia?

Lakini lililomvutia Fabre zaidi ya vita hivyo ni kifuko cha mayai. Jike anapotaga hutoa majimaji yanayonata, naye huyapiga kwa ncha ya mkia wake kama mtu anayepiga ute wa yai kwa uma, mpaka yanakuwa povu. Ndani ya povu anapanga mayai kwa safu. Povu hukauka likawa gumu. Kazi yote huchukua kama saa mbili, na mama hageuki hata mara moja kutazama anachokifanya. Akimaliza anakwenda zake, harudi tena. Kifuko chenyewe kina urefu wa kama sentimita 4 na upana wa 2, na kikubwa kina mayai karibu 400 kwa makadirio ya Fabre. Povu lile limejaa hewa, na hewa iliyofungiwa haipitishi joto wala baridi upesi, kama sweta ya sufi. Kwa hiyo mayai hupita majira ya baridi salama. Juu katikati kuna mstari wa magamba membamba yaliyolaliana, na hiyo ndiyo milango ya watoto.

Watu wa vijijini walikuwa na imani zao juu ya kifuko hiki. Walisema ukikikamua na kujipaka kinaponya vidole vilivyovimba kwa baridi, na ukikiweka mfukoni meno hayaumi. Wanawake waliazimana. Fabre hakuwatukana. Wakati wa baridi kali ya mwaka 1895 yeye na watu wa nyumbani mwake walivimba vidole, wakajipaka. Hakuna aliyepona. Hapo ndipo alipoandika kwamba dawa haifai kitu. Mimi pia nilimshika vunjajungu mchana kutwa kisha nikaosha vyombo vyote vya nyumbani. Hakuna kilichovunjika.

Katikati ya mwezi wa Juni, kama saa nne ya asubuhi jua likiwa kali, mayai huanguliwa. Watoto hutoka kwa mamia kupitia ule mstari wa katikati, kila mmoja amefungwa ndani ya ngozi nyembamba ambayo lazima aivue kwanza ndipo aweze kutembea. Huo ndio wakati wa hatari. Sisimizi wako chini ya kifuko wanangoja. Mjusi mdogo wa kijivu, anayekaa ukutani, huwadokoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi. Fabre alijaribu kuwakinga, akawafukuza sisimizi na mijusi, lakini walirudi tena na tena.

Kumbe adui mbaya zaidi alikuwa ameshapita zamani. Ni nyigu wetu mdogo. Mwili wake ni milimita chache tu, lakini jike ana mrija wa kutagia mrefu na mwembamba kama unywele. Anakuja kwenye kifuko ambacho bado ni kipya, anautumbukiza mrija kupitia povu, anaweka yai lake ndani ya yai la vunjajungu. Buu akianguliwa anakula yaliyomo, anabakisha ganda. Fabre alikusanya vifuko vingi, akavitunza nyumbani, akangojea watoto wa vunjajungu. Katika vingi alipata wachache mno au hakupata kitu kabisa. Nyigu alikuwa amepita.

Kwa nini mama havizuii? Fabre alikuwa ameshaliona jambo hili kwa mdudu mwingine, nyenje anayeimba mitini. Nyenje hutoboa tawi, anataga, anasogea mbele kidogo atoboe tena. Nyuma yake tu kuna nyigu mdogo mweusi wa ukoo ule ule, anatia mrija wake mahali nyenje alipotoka. Wanafuatana hatua kwa hatua. Nyenje ni jitu kubwa, angeweza kumponda kwa mguu mmoja na kuokoa watoto wake wote, wala hafanyi hivyo. Naye vunjajungu, ambaye huthubutu kumkabili hata panzi mkubwa kuliko yeye, ameshakwenda zake, hata hajui kwamba watoto wake wanaliwa. Jambo hili lilimsumbua Fabre sana. Alijieleza kwamba ndiyo sababu vunjajungu hutaga mayai mengi vile: wachache tu ndio wa kuendeleza ukoo, na waliobaki ni chakula cha wengine. Panzi hula majani, vunjajungu hula panzi, sisimizi hula vunjajungu mchanga, ndege hula sisimizi, na hata ndege huyo huishia katika sahani ya mtu.

Nisimsifu kupita kiasi. Fabre na Darwin waliandikiana barua kwa heshima, na Darwin akampendekezea majaribio ya kuwachanganya nyuki njia ili ijulikane wanarudije nyumbani. Fabre aliyafanya. Lakini hakukubali kamwe kwamba viumbe hubadilika kizazi baada ya kizazi. Aliamini silika ya mdudu ilikuwa kamili tangu mwanzo. Hapo, kwa yale tunayofundishwa leo, alikosea, na wataalamu waliomfuata waliona pia kwamba mwiba wa nyigu haulengi sawasawa kila mara kama alivyosema. Kwangu haya hayamwondolei kitu, kwa kuwa aliandika alichokiona kwa uwazi kiasi cha kutuwezesha sisi wengine kumkosoa.

Mkewe alikufa mwaka 1885, akaoa tena mwaka 1887 akazaa watoto wengine watatu. Vitabu vya shule viliacha kununuliwa, na uzeeni umaskini ulimrudia. Mwaka 1910 marafiki waliona aibu, wakamfanyia sherehe Sérignan, na ndipo Ufaransa ikagutuka kwamba mzee huyu yuko hai. Mwaka 1913 Rais Raymond Poincaré akaja kumwamkia. Fabre alikuwa karibu miaka tisini, miguu haina nguvu, macho yamefifia. Sifa zilikuja wakati hawezi tena kuinama kutazama shimo la nyigu. Alikufa tarehe 11 Oktoba 1915, vita kuu ikiwa inaendelea, akazikwa hapo hapo Sérignan. Nyumba yake ni makumbusho. Huko Japani vitabu vyake vilianza kutafsiriwa mwaka 1922, na hadi leo watoto wa Kijapani wanamjua pengine kuliko watoto wa Ufaransa.

Habari za nyigu hazikuishia kwake. Miaka ya 1920 Mfaransa mwingine, Lucien Chopard, alieleza nyigu wa aina ya pili, mdogo zaidi, ambaye ni mjanja kupita kiasi. Huyu hangoji kifuko. Anampanda vunjajungu jike mwenyewe, anajishikilia mwilini mwake, anakata mbawa zake kwa kuwa hazihitaji tena, na anasafiri naye huku na huku kama abiria wa matatu. Siku mama atakapotaga, abiria anashuka na kutaga ndani ya povu kabla halijakauka. Fabre aliwafuga vunjajungu miaka mingi, lakini abiria huyo hakumwandika popote.

Yule wa kwanza, mwenye mrija mrefu, ukoo wake huitwa Podagrion, nao uko Afrika pia. Kwa hiyo kama unataka kumtafuta huna haja ya kwenda Ufaransa. Tazama kwenye ua, kwenye fito au ukutani penye kifuko cha rangi ya kahawia kilichokauka. Kitie ndani ya chupa safi, funga mdomo kwa kitambaa chepesi, uiweke mahali pasipo jua kali, uitazame kila siku. Watoto wa vunjajungu hutoka kwenye ule mstari wa katikati na hawaachi tundu. Nyigu hutafuna njia yake mwenyewe popote alipo. Ukikuta kifuko kina vitobo vidogo vya mviringo ubavuni, kama vilivyopigwa kwa pini, amekwisha toka.